Jaribio la Saba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Igiraneza alipanda ngazi ya mianzi na kufuta umande juu ya bamba la sola. Kisha alishuka, akachota maji, akawapa mbuzi majani, na mwisho akanywa uji wake akiwa amesimama mlangoni. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwembamba na mwenye maswali mengi. Nyumba yao pale Bihambwe ilishikana ukuta na gereji ya baba yake, Papa Evode, kwa hiyo harufu ya oili ilimfuata mpaka darasani, na wenzake hawakuchoka kumuuliza kama kwao oili ndiyo mafuta ya kujipaka.

Gereji yenyewe ilikuwa mabati sita juu ya nguzo za mikaratusi. Chini ya mabati hayo, tangu mwanzo wa kiangazi, lilisimama gari moja kuukuu la kubebea mizigo. Umoja wa wakulima wa kijiji ulilinunua kwa mfanyabiashara aliyelitumia huko Omate, upande wa Walikale, kupeleka wachimbaji na magunia yao. Mwili wake ulikuwa na mabonde mengi kuliko barabara yenyewe. Papa Evode aliwaambia watu wasitazame sura, kwa maana injini ilikuwa bado na nguvu. Ila haikuwaka.

Injini ya petroli haiendi bila cheche. Mafuta yakishabanwa ndani ya silinda, lazima cheche iruke kwa wakati wake. Ikichelewa, gari linakosa nguvu. Isiporuka kabisa, injini inazimika. Katika gari hili, kisanduku cha umeme kilichotoa amri ya cheche kilikuwa kimeungua, na cha kufanana nacho hakikupatikana Goma wala kwingineko.

Watu wa mbali wangeweza kuona hilo ni jambo dogo. Kwa watu wa Bihambwe halikuwa dogo. Pale, mgonjwa aliyezidiwa hubebwa kwa kipoyi, yaani machela ya miti na mianzi inayowekwa mabegani. Kila nyumba ina mtu wake katika chama cha kipoyi, na asiyekwenda kubeba wagonjwa wa wenzake, siku yake ikifika naye hana wa kumbeba. Wanne wanabeba, wanane wanafuata, na mkuu wa chama, Papa Jérémie, hupuliza filimbi wabadilishane mabega. Ni kazi ya heshima, lakini kufika hospitali ya Masisi kwa miguu ni safari ya kutwa, na wapo wasioweza kungoja kutwa.

Shangazi Céline, dada yake Papa Evode, alilijua hilo kuliko wote. Mwaka uliotangulia walimbeba akiwa na uchungu wa kuzaa. Walifika na mama mzima, mtoto hakufika. Sasa alikuwa na mimba tena, na mume wake alikuwa mbali, katika machimbo ya Omate. Papa Evode hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kila mtu nyumbani alijua kwa nini alilala na kuamka chini ya lile gari. Alitaka liwake kabla ya mwezi wa dada yake kutimia.

Aliyeleta dawa alikuwa Yves, mtoto wa kaka yake Papa Evode, aliyemaliza masomo ya elektroniki huko Goma. Alisema kama kisanduku hakinunuliki, basi kitatengenezwa. Wangetumia mikrokontrola, kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja, inayosoma habari kutoka kwenye waya na kutoa amri kwenye waya mwingine. Ingesoma injini imefika wapi katika mzunguko wake, kisha ingeamuru cheche. Kwa likizo mbili Yves alikuwa amemfundisha Igiraneza kuandika programu kwenye kompyuta yake ya mkononi iliyopasuka kioo, na msichana huyo alishika somo haraka kuliko mwalimu alivyotarajia.

Yves alirudi kutoka Goma na vibao viwili tofauti vya mikrokontrola, kwa sababu hakuwa na hakika ni kipi kingefaa. Cha kwanza kilikuwa cheusi, kidogo kama kiberiti. Kilifanya hesabu milioni mia mbili na arobaini kwa sekunde, kilikuwa na kumbukumbu kubwa, na kiliweza kuzungumza na simu bila waya. Cha pili kilikuwa cha bluu, kikubwa na cha kizamani. Hesabu zake zilikuwa milioni kumi na sita tu kwa sekunde, na simu hakikuijua. Lakini kilitumia volti tano, na kile cheusi kilitumia volti tatu na kitu.

Igiraneza alikipenda cheusi saa ile ile. Aliona tayari namba za injini zikicheza kwenye kioo cha simu, na darasa zima likimzunguka kumuuliza amefanyaje. Alimwambia Yves kwamba hakuna cha kufikiri hapo, mwenye mbio amepatikana.

Yves alitikisa kichwa. "Moteri hii ikikaza sana inazunguka mara elfu ine kwa dakika," alisema. "Ile ya bluu inamaliza hesabu yake na inabaki na wakati ya kulala. Mbio si njo shida yetu. Shida ni kujua gani itavumilia gari."

Kisha akaweka sheria. Wangechagua kwa daftari, si kwa macho. Kila kibao kingefanyiwa majaribio kumi, na baada ya kila jaribio wangeandika vizuri au vibaya. Kitakachopata mengi ndicho kitakachofungwa. Vikilingana, basi Igiraneza achukue chenye mbio, maana programu ilikuwa yake.

Majaribio ya kwanza waliyafanya mezani, kwa umeme wa betri ya sola, na vibao vyote viwili vilifanya kazi bila kosa. Igiraneza alifurahi, lakini Yves alimkumbusha kwamba umeme wa sola ni mpole na wa gari si mpole. Hayo ya mezani hayakuhesabiwa. Wakahamia kwenye gari. Kibao cha bluu kikapata kumi juu ya kumi. Injini iliwaka kila mara, ikanguruma sawasawa, na Igiraneza aliandika "vizuri" mara kumi na uso wa mtu anayekula dawa.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya kibao cheusi. Majaribio ya kwanza mpaka ya sita yalikwenda vizuri. Hapo Yves akatoka kwenda kutafuta risasi ya kuunganishia nyaya, akamwachia msichana daftari. Papa Evode aliwasha injini kwa jaribio la saba. Wakati ikinguruma, kundi la ng'ombe waliotoka malisho ya upande wa Burungu lilipita barabarani, na ndama mmoja akaingia gereji kunusa ndoo. Papa Evode akapiga honi mara moja kumfukuza.

Injini ikakohoa, ikataka kufa, ikarudi. Papa Evode, aliyekuwa akimtazama ndama, alisema ni baridi ya asubuhi. Lakini Igiraneza alikuwa akitazama taa ndogo ya kibao. Ilizimika honi ilipolia, kisha ikapepesa haraka mara tatu, kama inavyofanya kibao kinapoamka upya. Aliona wazi. Kibao kilianguka, kikajiinua.

Alishika kalamu muda mrefu. Alijiambia pengine ni waya uliolegea. Alijiambia tena kwamba ndama si sehemu ya jaribio. Mtu akitafuta sababu za kujidanganya hazikosi, zinakuja zenyewe bila kuitwa. Mwishowe akaandika: "7. Vizuri." Matatu yaliyobaki yalikwenda sawa, na Yves aliporudi alikuta kumi kwa kumi, sawa na cha bluu. Akampongeza, kibao cheusi kikafungwa ndani ya sanduku la plastiki, na sanduku likakazwa kwa skrubu karibu na betri.

Kwa siku tano Igiraneza alikuwa malkia wa darasa. Alionyesha namba kwenye simu, na hata waliozoea kumtania kuhusu oili waliomba kushika. Nyakati fulani aliikumbuka taa ile. Alijiahidi kumwambia Yves kesho. Kesho hiyo ilikuwa na kawaida ya kusogea mbele.

Siku ya sita, Jumamosi, saa mbili asubuhi, Yves akiwa amekwenda Sake, mama mzalishaji wa kijiji alikuja mbio gereji. Shangazi Céline alikuwa na uchungu tangu alfajiri na mtoto amelala vibaya. Pale kijijini hapakuwa na la kufanya zaidi. Ilibidi apelekwe Masisi, na sasa hivi.

Walitandika godoro nyuma ya gari wakamlaza. Papa Jérémie alifika na wabebaji wanne na kipoyi chao kimekunjwa. Chama kilikuwa bado hakijaamua kuliamini gari hilo, akasema, kwa hiyo wao wangepanda na kipoyi juu, ili likiwashinda njiani, mgonjwa asiachwe barabarani. Papa Evode hakukasirika. Alimwita Igiraneza akae mbele na simu, amtazamie namba za injini.

Injini iliwaka mara moja. Igiraneza alishika simu kwa mikono miwili na kuomba Mungu kimyakimya kwamba waya ndio uliolegea siku ile.

Barabara ya Masisi inazunguka mlima baada ya mlima. Upande mmoja ni ukingo wa udongo, upande wa pili ni bonde, na chini kabisa mashamba ya maharage yanaonekana madogo. Kona zake hazionyeshi kilicho mbele, na mara nyingi kilicho mbele ni lori. Kwa hiyo dereva yeyote wa kule hufanya jambo moja bila kufikiri: akikaribia kona, anapiga honi. Majaribio yale kumi yalifanyika gereji, mahali pasipo na kona, na hakuna aliyewaza kuipiga honi makusudi.

Kwenye kona ya kwanza Papa Evode alipiga honi. Gari likashtuka, namba kwenye simu zikapotea, kisha zikarudi. Shangazi Céline alilia kwa maumivu kule nyuma. Papa Evode alinung'unika kuhusu esansi, yaani petroli, ya chupa za barabarani, inayotiwa maji na watu wasio na huruma. Igiraneza alijua si esansi.

Kona ya pili, honi, mshtuko, na safari hii injini ilikaa kimya kwa muda wa pumzi moja kabla ya kurudi. Alifungua mdomo, akaufunga. Aliogopa uso wa baba yake. Aliogopa zaidi kwamba wabebaji wangesikia, na jioni kijiji kizima kingejua. Akajipa matumaini kwamba kona ya tatu ingepita salama, nayo ikapita, kwa sababu Papa Evode aliona mbele na hakupiga honi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Igiraneza ilikuwa na kona nne tu. Ya nne ilikuwa juu ya mwinuko mkali, barabara imelowa, na Papa Evode akapiga honi ndefu. Injini ikafa. Gari likasimama, kisha taratibu likaanza kurudi nyuma.

Papa Evode alikanyaga breki, na breki ikawa ngumu kama ubao, kwa sababu injini iliyozimika haimsaidii dereva kukanyaga. Alivuta breki ya mkono. Gari liliendelea kuteleza kuelekea bondeni. Wabebaji waliruka chini bila kuambiwa, wawili wakasukuma kwa mabega, na wa tatu akabingirisha jiwe akalisukumiza nyuma ya gurudumu. Gari likalia, likasimama. Kati ya gurudumu na bonde palibaki hatua tatu.

Papa Evode alishuka, akatoa mpira wa kunyonyea mafuta na debe. Alisema atamwaga esansi yote, asafishe bomba, atie ile ya akiba. Nusu saa, labda zaidi. Papa Jérémie akasema mgonjwa hana nusu saa ya kupoteza, afadhali washushe kipoyi waanze kutembea. Papa Evode akamjibu kwamba kwa miguu wangefika alasiri, na yeye alikwisha kuona mwaka jana inavyokuwa kufika alasiri. Wote wawili walimpenda mgonjwa, na wote wawili walikuwa karibu kuchagua vibaya, kwa sababu mtu pekee aliyejua ukweli alikuwa ameketi mbele na simu.

Igiraneza alishuka. Alisimama mbele ya baba yake, wabebaji wote wakisikia.

"Papa, si esansi," alisema. "Ni karte, ile kibao nyeusi. Klaksoni ikilia, inazimika na inaanza upya. Niliiona ku tesiti ya saba. Mi nikaandika vizuri."

Papa Evode alibaki ameshika mpira. Hakuinua mkono wala sauti. Kisha akamuuliza swali la fundi.

"Klaksoni isipolia, itavumilia?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Igiraneza aliona jinsi wote walivyoisubiri hiyo ndiyo. "Sijue, Papa," alijibu. "Mara kenda zingine ilivumilia. Zaidi ya pale sijue."

Papa Evode alikwenda nyuma ya gari. Alimweleza dada yake yote, bila kuficha kosa ni la nani, akamuuliza anataka nini, kipoyi au gari. Shangazi Céline alikuwa amelowa jasho, midomo imekauka. Alimtazama kaka yake, kisha akamtazama msichana.

"Tuende na gari," alisema. "Sasa tunajua inagonjwa nini."

Mara kazi ikaanza. Papa Evode alichomoa waya wa honi akaufunga kwa kitambaa, mikono yake isije ikasahau na kuipiga kwa mazoea. Mbebaji mmoja alikaa nyuma kabisa na kigogo cha mti tayari kutupwa chini ya gurudumu. Lakini kona zilikuwa bado nyingi, na gari bubu kwenye kona za Masisi ni hatari kwa wote. Papa Jérémie akavua filimbi yake shingoni. Alisema mtu akimbie mbele kwenye kila kona, apulize, asimamishe wanaokuja.

Igiraneza aliiomba. Papa Jérémie alisita, akasema hiyo ni kazi ya watu wazima. Msichana akamwambia kwamba yeye ndiye aliyeinyamazisha honi. Mzee akampa, na akamtuma mbebaji mmoja amfuate ili wapokezane.

Papa Evode akawasha injini, nayo ikakubali. Gari lilikuja nyuma yao taratibu, na Igiraneza alikimbia. Kwenye kila kona alipita kwanza, akapuliza kwa nguvu zake zote, akatazama, akainua mkono, ndipo gari likafuata. Kwenye sehemu ndefu walidandia ubavuni wakapumzika, kisha wakashuka tena. Viatu vya plastiki vilimchubua, akavivua akavitupa ndani ya gari. Kifua kiliwaka. Zamu ya mwenzake ilipofika alikabidhi filimbi, na ilipomrudia aliipokea akakimbia tena.

Kwenye kona moja chini ya msitu wa mikaratusi alisikia mngurumo kabla ya kuona kitu. Lori la makaa lilikuwa likiteremka kwa kasi, limejaa mpaka juu, na watu wameketi juu ya magunia. Alisimama katikati ya barabara, akapuliza na kupunga mikono. Dereva alifunga breki, magurudumu yakateleza kwenye matope, na lori likasimama mbali naye kiasi cha mita kumi. Dereva alitoa kichwa akaanza kumtukana. Alipoliona gari dogo likitokeza kwenye kona bila honi, na mwanamke aliyelala nyuma, alinyamaza, akarudisha lori pembeni mpaka likagusa ukingo.

Injini haikukohoa tena hata mara moja. Walifika hospitali kabla ya saa sita mchana. Wauguzi walimchukua Shangazi Céline moja kwa moja hadi chumba cha upasuaji, na mlango ukafungwa.

Igiraneza aliketi kwenye sakafu ya veranda, miguu ikivuja damu kidogo. Hakuthubutu kumsogelea baba yake. Alihesabu dakika zilizopotea tangu kona ya kwanza mpaka ya nne, dakika alizokuwa na maneno mdomoni na hakuyasema. Alilia bila sauti. Baada ya muda Papa Evode alikuja na ndoo ya maji, akapiga magoti, akaanza kumwosha miguu. Alikuwa bado akimwosha mlango ulipofunguliwa na muuguzi akatangaza kwamba mama ni mzima, na mtoto ni msichana, na analia kama anayedai haki yake.

Siku ya pili yake, Yves aliposimuliwa habari nzima pale gereji, aliketi juu ya tairi akashika kichwa. Igiraneza alingoja kukemewa. Lakini Yves alisema kwamba orodha ya majaribio ilikuwa yake, na haikuwa na honi ndani kwa sababu yeye aliitoa kwenye madaftari ya shule, mahali gari halipiti kona. "Mi nilikosa kwa kutojua," akasema. "Wewe ulijua. Si kitu moja." Ilikuwa kweli, na Igiraneza hakujitetea.

Walianza upya. Safari hii kila kibao kilijaribiwa na honi mara ishirini, pamoja na taa kubwa na vipangusia mvua. Kibao cheusi kilianguka mara sita. Cha bluu hakikuanguka hata mara moja. Yves alieleza kwamba honi inapolia inavuta umeme mwingi kwa ghafla na kuuchafua, na kile cha volti tano kinavumilia mtikisiko ambao kile cha volti tatu hakiuvumilii. Wangeweza kukilinda cheusi kwa vifaa zaidi, lakini vifaa hivyo havikuwapo Bihambwe, na cha bluu kilikuwapo. Kikafungwa cha bluu. Simu haikuonyesha namba zozote tena, na darasani watu walirudia maswali yao kuhusu oili.

Jumapili ya tatu, baada ya misa, chama cha kipoyi kilikutana mbele ya gereji kuamua kama gari litapokelewa kubeba wagonjwa. Wengine walinong'ona kwamba gari lililotengenezwa na mtoto mwongo si gari. Igiraneza alisikia. Baba yake alikuwa amemwambia hatamsemea, kwa hiyo alisimama mwenyewe. Alieleza jaribio la saba, alieleza kona nne, akaeleza na majaribio mapya ishirini. Sauti yake ilikatika mara mbili, lakini alifika mwisho.

Ndipo Papa Evode akasimama.

"Kila mashini iko na ugonjwa yake," alisema. "Hata ile mupya. Mutoto wangu alichagua karte yenye haiwezi kazi, na ile ingekuwa kosa ndogo tu, fundi yeyote anakosea. Lakini aliandika uongo, na uongo ikafanya tuamini kosa. Mashini mbaya yenye unajua ubaya yake, utaitengeneza. Mashini mbaya yenye wanakuambia iko muzuri, utaweka ndani yake dada yako." Akawageukia watoto. "Watoto, mushike ile. Kusema ukweli mapema kunaleta haya ya siku moja. Kuchelewa kunaweza kuleta kilio."

Papa Jérémie alikuwa na swali moja tu, na alimwelekezea msichana. "Ukiona tena kitu mbaya katika hii gari, utamuambia nani? Papa yako? Kaka Yves?"

Igiraneza alifikiri. "Nitaambia wao," alisema. "Lakini wa kwanza ni ule mwenye atapanda."

Mzee aligeukia chama akaomba wanaolikubali gari wainue mikono. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Shangazi Céline, aliyekaa mkekani na mtoto wake kifuani, kisha mingine ikafuata.